Hisa, Bodi na Mfuko wa Kampuni: Mwongozo Kamili kwa Kampuni Binafsi ya Watu Wachache

Watu watatu wanataka kufungua kampuni ya kukoboa na kusaga mahindi Kibaigwa. Mmoja ana Sh milioni 60 taslimu. Wa pili ana mashine, yenye thamani ya Sh milioni 30. Wa tatu hana fedha wala mashine, ila ndiye anayeyajua mahindi: anajua msimu wa kununua, anajua gunia lenye unyevu kwa kulishika tu, na ndiye atakayekaa kinuni asubuhi hadi jioni.

Tuwaite Mwenye Fedha, Mwenye Mashine na Mwenye Kazi. Ni mfano wa kutunga, lakini kila namba iliyomo imechaguliwa ili ionyeshe sheria inauma wapi. Sheria yenyewe ni Sheria ya Kampuni ya Tanzania, Sura ya 212, iliyotungwa mwaka 2002 na kuanza kutumika Machi 2006. Aliye Kenya ana Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, na tofauti chache zenye uzito zimetajwa njiani.

Kampuni ni mtu wa nne

Siku cheti cha usajili kinapotoka, watatu hawa wanakuwa wanne. Kampuni ni mtu mbele ya sheria: ina jina lake, mali yake, madeni yake, na haifi mwanahisa akifa. Jambo hilo lilikatwa mwaka 1896 na House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, katika shauri la Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London. Kampuni yake ilikuwa na hisa 20,007. Yeye alishika 20,001, na mkewe na watoto watano wakashika moja moja. Ilipofilisika, ilidaiwa kwamba kampuni ile ni Salomon huyo huyo kwa jina jingine, basi alipe yeye. Majaji wakakataa. Zaidi ya hapo, Salomon alikuwa ameidai kampuni yake mwenyewe kwa hati ya dhamana, na hati hiyo ikapewa kipaumbele kuliko wadai wasio na dhamana. Kumbuka kipande hicho cha mwisho, tutakirudia kwenye mikopo.

Maana yake kinuni ni hii: mashine ikishauzwa kwa kampuni si ya Mwenye Mashine tena. Hawezi kuja na lori usiku kuichukua kwa sababu wamegombana. Mwenye Fedha naye hawezi kuchota droo ya mauzo kwa sababu "ni hela yangu". Ilikuwa yake, sasa ana hisa.

Faida ya kutengana huko ni kwamba kampuni ikishindwa kulipa, mwanahisa anapoteza kile alicholipia hisa, au alichoahidi kulipia, basi. Nyumba yake haiguswi. Kinga hiyo hutoboka mahali pamoja kila siku: benki inapoomba wakurugenzi wasaini udhamini binafsi wa mkopo wa kampuni. Ukisaini, umetoka nje ya ukuta kwa miguu yako. Kabla ya kusaini, omba udhamini uwe na kiwango cha juu kilichoandikwa kwa tarakimu na uishe mkopo huo ukilipwa, usiendelee kufunika "mikopo yote ya baadaye".

Mtu mmoja, viti vitatu

Mwanahisa ni mmiliki. Anapiga kura kwenye mkutano mkuu, anapata gawio (sehemu yake ya faida), na hana kazi ya kila siku kwa sababu tu ana hisa. Mkurugenzi anaketi kwenye bodi na kuamua kwa niaba ya kampuni: kukopa, kuajiri meneja, kuidhinisha bajeti, kupendekeza gawio. Mtendaji ni mwajiriwa, ana mkataba na mshahara. Katika kampuni ndogo mtu yule yule huketi viti vyote vitatu, na hapo ndipo maneno huanza: anadai mshahara akiwa mwanahisa, au anaamrisha wafanyakazi akiwa na hisa chache tu.

Zoezi dogo linalosaidia: kila mnapotaka kuamua jambo, ulizaneni kwanza linaamuliwa kwenye kiti kipi. Kubadili katiba ya kampuni, kuongeza mtaji, kuteua mkaguzi wa hesabu na kumwondoa mkurugenzi ni ya wanahisa. Kukopa Sh milioni 20 ni ya bodi. Kununua gunia 200 leo ni ya mtendaji, ndani ya kiwango ambacho bodi imemwekea.

Mkurugenzi anawajibika kwa kampuni, hata kama aliwekwa na Mwenye Fedha. Sheria inamtaka atende kwa nia njema na kwa maslahi ya kampuni, atumie madaraka kwa lengo lililokusudiwa, na awe mwangalifu kama mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo anavyotarajiwa kuwa. "Nilikuwa nasaini tu, sikuwa najua" si utetezi, ni kukiri uzembe.

Hatua ya kwanza: gawaneni hisa kwenye karatasi kabla ya kugusa mtandao

Tuseme wanaandika mtaji ulioidhinishwa wa Sh milioni 200, uliogawanywa katika hisa 20,000 za Sh 10,000 kila moja. Huo ni uwanja tu, yaani kiasi cha juu cha hisa ambazo kampuni inaweza kutoa bila kubadili katiba yake. Si fedha iliyopo. Ada ya usajili hupanda kwa ngazi kufuata tarakimu hiyo, kwa hiyo kuandika mtaji wa bilioni ili kampuni ionekane kubwa ni kulipia sifa. Kwa kampuni binafsi ya kawaida sheria haiweki kima cha chini.

Kinachohesabika ni hisa zilizotolewa. Mwenye Fedha anapata 6,000 kwa milioni 60. Mwenye Mashine anapata 3,000 kwa mashine ya milioni 30, na hapa pana kazi ya kufanya. Mashine ithaminiwe na mtu asiye na hisa. Nyaraka za ununuzi zikaguliwe kuona kama haina deni. Uandikwe mkataba wa kuiuza kwa kampuni kwa malipo ya hisa, na nakala iambatishwe kwenye taarifa ya ugawaji wa hisa. Bila mkataba huo, siku ya ugomvi mashine itakuwa "niliwaazima".

Mwenye Kazi wamekubaliana apate hisa 1,000, asilimia 10. Kosa linalojirudia ni kumwandikia hisa hizo "bure". Hisa haitolewi chini ya thamani yake iliyoandikwa. Hisa 1,000 za Sh 10,000 ambazo hazijalipiwa ni deni la Sh milioni 10 ambalo mwenye nazo anadaiwa na kampuni, na siku ya ufilisi mfilisi atalidai. Zipo njia mbili safi. Ya kwanza, azichukue zote sasa na alipe kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake, kwa ratiba iliyoandikwa. Ya pili, apewe hisa 250 kila mwaka kwa miaka minne, akilipia Sh 2,500,000 kwa mwaka, yaani takriban Sh 208,000 kwa mwezi. Wenzake wakitaka kweli zisimgharimu, kampuni imlipe bonasi ya kiasi hicho, ikatwe kodi ya mshahara, kisha yeye anunulie hisa.

Njia ya pili ndiyo bora. Inamlinda kila mmoja dhidi ya tatizo la mwenzao anayeondoka baada ya miezi mitano akiwa na asilimia 10 mfukoni. Kwa hesabu zinazofuata tuchukulie miaka minne imepita na hisa zote 10,000 zimelipiwa: 60, 30 na 10.

Hatua ya pili: katiba ya kampuni na mkataba wa wanahisa

Katiba ya kampuni, ambayo wengi huiita memati, huwasilishwa BRELA, msajili wa kampuni Tanzania, na mtu yeyote anaweza kuomba kuisoma. Mkataba wa wanahisa hubaki kabatini. Wengi hunakili katiba ya kampuni ya rafiki, wakabadili jina, wakaacha vifungu vya biashara ya madini ndani ya kampuni ya unga. Hilo ni dogo. Kubwa ni yale ambayo katiba ya kunakili haisemi.

Andikeni haki ya kwanza ya kununua, mara mbili: kampuni ikitoa hisa mpya, waliopo wapewe kwanza kwa uwiano wao; na mwanahisa akitaka kuuza, awauzie wenzake kwanza. Andikeni jinsi ya kupata bei, kwa mfano mhasibu wa nje aliyekubalika na pande zote ndani ya siku 30, si "bei ya makubaliano", maana watu wanaotaka kuachana hawakubaliani. Andikeni mambo ambayo hayafanyiki bila saini ya wote: kuuza kinu, kukopa zaidi ya kiwango fulani, kubadili aina ya biashara. Andikeni kitakachotokea mmoja akifa au akiacha kazi.

Wawili wenye 50 kwa 50 wana hatari yao wenyewe, kwani kura zikifungana hakuna kinachosonga. Dawa moja ni kifungu cha "taja bei, mwingine achague": anayetaka kuvunja ndoa hii anataja bei ya hisa, na mwenzake anachagua kununua au kuuza kwa bei hiyo hiyo. Anayetaja hathubutu kudanganya. Udhaifu wake ni kwamba mwenye fedha nyingi humbana asiye nazo, kwa hiyo ongezeni muda, siku 90 kwa uchache, wa mnunuzi kutafuta mkopo.

Katiba na mkataba wa wanahisa vikipingana, katiba ndiyo inayofuatwa na BRELA. Yale mazito yaingizeni humo, msiyaache kwenye mkataba pekee.

Hatua ya tatu: usajili

Hapa pana kelele nyingi kuliko ugumu. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA uitwao ORS. Andaeni namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi) za wakurugenzi na wanahisa, anwani kamili ya ofisi, angalau wakurugenzi wawili, na katibu wa kampuni. Kenya, kampuni binafsi yaweza kuwa na mkurugenzi mmoja tu, na katibu halazimiki hadi mtaji uliolipiwa ufikie Sh milioni 5 za Kenya. Jina litafutwe kwanza kama halijachukuliwa. Fomu hujazwa mtandaoni, hupakuliwa, husainiwa, tamko la kisheria huapiwa mbele ya kamishna wa viapo, kisha hupandishwa tena pamoja na katiba.

Maombi hurudishwa kwa sababu ndogo ndogo: jina la mkurugenzi lisilofanana herufi kwa herufi na la NIDA, idadi ya hisa kwenye fomu isiyolingana na iliyo kwenye ukurasa wa saini wa katiba, saini iliyokosekana, kurasa zilizopigwa picha kwa simu zikafifia.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2020 ni lazima pia kutaja wamiliki manufaa, yaani binadamu halisi walio nyuma ya hisa. Ukimwekea shemeji hisa kwa jina lake huku zako ziko mfukoni mwake, mmiliki manufaa ni wewe.

Cheti kikitoka, mambo matatu yafuate mara moja: TIN ya kampuni, leseni ya biashara, na kikao cha kwanza cha bodi kinachofungua akaunti ya benki na kutaja nani wanasaini. Weka saini mbili kwa malipo ya juu ya kiwango fulani. Milioni 60 za Mwenye Fedha ziingie kwenye akaunti hiyo kwa jina lake na maelezo "malipo ya hisa 6,000". Akilipa mahindi moja kwa moja kutoka kwenye simu yake, mwaka wa pili hakuna atakayejua kama ulikuwa mtaji, mkopo au zawadi.

Kura: hesabu ambayo watu huikosa

Azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Azimio maalum linataka angalau robo tatu, na notisi ya siku 21 inayosema wazi kwamba litapendekezwa kama azimio maalum. Katiba ya kampuni na jina lake hubadilishwa kwa azimio maalum.

Mwenye Fedha, kwa 60, anapitisha azimio la kawaida peke yake. Anaweza kumwondoa mkurugenzi yeyote, ilimradi notisi maalum itolewe na anayeondolewa apewe nafasi ya kujitetea. Kumwondoa Mwenye Kazi kwenye bodi hakufuti mkataba wake wa ajira. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kumezileta kampuni nyingi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi.

Mwenye Mashine, kwa 30, hawezi kupitisha chochote, lakini azimio maalum halipiti bila yeye, kwa sababu 70 haifiki 75. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ina masharti: awepo. Robo tatu huhesabiwa kwa kura zilizopigwa, siyo kwa hisa zote. Asipohudhuria wala kutuma mwakilishi, na Mwenye Kazi akapinga, ni 60 kati ya 70, asilimia 85.7. Limepita.

Mwenye Kazi, kwa 10, anaweza kulazimisha mkutano mkuu uitishwe, kwa kuwa kiwango ni sehemu moja ya kumi. Lakini sheria inahesabu mtaji uliolipiwa. Kama angekuwa amechukua njia ya kwanza na kulipa milioni 4 tu kati ya 10, angekuwa na 4 kati ya 94, asilimia 4.3, na ombi lake lingekataliwa kihalali.

Halafu kuna mtego wa mikono. Katika mkutano, kura ya kunyoosha mkono humhesabu kila mwanahisa mmoja, hata awe na hisa ngapi. Wawili wakinyoosha dhidi ya Mwenye Fedha, ameshindwa mbili kwa moja. Anatakiwa adai pale pale kura ya hisa. Mwenyekiti akishatangaza matokeo na kitabu kikafungwa, ni vigumu kurudi nyuma.

Fedha mpya inapoingia

Mwaka wa tano kampuni inahitaji Sh milioni 50 za ghala. Mwekezaji yupo. Wanakubaliana kwamba kampuni kabla ya fedha yake ina thamani ya Sh milioni 200, yaani Sh 20,000 kwa kila hisa kati ya 10,000. Milioni 50 kugawa kwa 20,000 ni hisa 2,500 mpya. Jumla sasa ni 12,500.

Mwekezaji ana asilimia 20. Mwenye Fedha ameshuka hadi 48, Mwenye Mashine 24, Mwenye Kazi 8. Thamani ya hisa zao haikupungua hata senti, lakini angalia kilichotokea kwenye kura: wa kwanza hapitishi tena azimio la kawaida peke yake, wa pili hazuii tena azimio maalum, wa tatu haitishi tena mkutano. Kila mmoja amepoteza kiti chake kwa siku moja, na aghalabu hakuna aliyeona kwa sababu wote walikuwa wakitazama milioni 50.

Kama haki ya kwanza ya kununua imeandikwa, Mwenye Mashine anaweza kubaki na 30 kwa kuchukua asilimia 30 ya hisa mpya: hisa 750 kwa Sh milioni 15. Hana fedha hiyo? Basi ajadili kinga nyingine kabla ya kusaini, kwa mfano orodha ya mambo yanayohitaji kibali chake kwa jina.

Kwenye vitabu, milioni 25 (hisa 2,500 mara Sh 10,000) huingia mtaji wa hisa, na milioni 25 nyingine huingia akaunti ya ziada ya bei ya hisa. Ziada hiyo si faida. Bodi isiyojua huiona "imekaa tu" na kuigawa kama gawio. Ni kinyume cha sheria.

Azimio lenyewe liandikwe hivi, bila mapambo:

"Wanahisa, katika mkutano mkuu uliofanyika tarehe ____ mahali ____, wakiwa na akidi, waliazimia kwamba hisa 2,500 zenye thamani iliyoandikwa ya Sh 10,000 kila moja zitolewe kwa ____ kwa bei ya Sh 20,000 kila moja, zilipwe zote katika akaunti ya kampuni kabla ya tarehe ____. Waliokubali: hisa ____. Waliokataa: hisa ____."

Njia nyingine ni mkopo wa milioni 50. Riba ikiwa asilimia 18 ni Sh milioni 9 kwa mwaka, na hulipwa hata mahindi yakikosekana. Kwa upande mwingine riba hupunguza faida inayotozwa kodi: kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, milioni 9 za riba huokoa milioni 2.7 za kodi, kama faida ipo ya kutosha. Gawio haliokoi kitu, maana hulipwa baada ya kodi. Na kwa mkopo hakuna anayegusa kura zenu.

Mkopeshaji akichukua dhamana juu ya mali ya kampuni, dhamana hiyo isajiliwe BRELA ndani ya siku 42. Isiposajiliwa haina nguvu dhidi ya mfilisi na wadai wengine. Hili linamhusu hata Mwenye Fedha akiikopesha kampuni yake: bila hati na usajili, siku ya mwisho anapanga foleni na muuza magunia. Salomon hakupanga.

Faida si fedha, na gawio si haki ya kila mwaka

Turudi kwenye hisa 10,000. Faida kabla ya kodi ni Sh milioni 40. Kodi ya asilimia 30 ni milioni 12, imelipwa. Imebaki 28. Wanahisa wanataka wagawane milioni 20, wabakize 8. Mhasibu anafungua benki, anakuta milioni 9.

Hakuna aliyeiba. Anza na 28. Rudisha milioni 3 za uchakavu wa mashine, ambao ulikatwa kwenye hesabu bila fedha kutoka: 31. Toa milioni 10 zilizolala kwenye magunia yaliyoongezeka ghalani: 21. Toa milioni 12 za maduka yaliyochukua unga kwa mkopo: 9. Hesabu hiyo ya mistari minne ifanywe kila robo mwaka, iwekwe mezani kabla ya mtu yeyote kutamka neno gawio.

Kwa kawaida bodi hupendekeza na mkutano mkuu hutangaza. Wanahisa wanaweza kupunguza kiasi kilichopendekezwa, si kukiongeza. Likishatangazwa, gawio ni deni la kampuni kwa mwanahisa, kwa hiyo msitangaze milioni 20 mkiwa na 9 mkitumaini maduka yatalipa.

Tuseme maduka yamelipa. Milioni 20 kwa hisa 10,000 ni Sh 2,000 kwa hisa. Kampuni inakata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato (kwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ni asilimia 5). Mwenye Fedha anapata milioni 12 pungufu 1.2, mkononi 10.8. Mwenye Mashine 5.4. Mwenye Kazi 1.8, mbali na mshahara wake, ambao haupungui kwa sababu amepata gawio wala hauongezeki kwa sababu hakupata.

Hela ya droo na biashara za ndugu

Mkurugenzi anapochukua Sh 500,000 dukani, karatasi lazima ijibu ni nini kati ya vinne: mshahara, na hapo kodi ya mshahara ikatwe; marejesho ya matumizi, na risiti ziwepo; mkopo, na masharti yaandikwe, ingawa sheria inabana sana mikopo kwa wakurugenzi; au gawio, na hilo haligawiwi mtu mmoja peke yake. Kama si chochote kati ya hivyo, ni fedha ya kampuni iliyopotea na anapaswa kuirudisha. Kutumia akaunti ya kampuni kama pochi pia humpa mdai hoja ya kuiambia mahakama kwamba kampuni ni kivuli tu cha mwenyewe.

Mwenye Mashine ana duka la vipuri mjini, na kampuni inataka kununua mikanda kwake. Si haramu. Atangaze maslahi yake kwenye kikao cha bodi kabla ya uamuzi, asipige kura, bodi ilinganishe bei na maduka mengine mawili, na yote yaingie kwenye kumbukumbu. Anayenyamaza anaweza kudaiwa faida yote aliyoipata, hata kama bei ilikuwa nzuri.

Kumbukumbu za kikao zinahitaji mambo machache: tarehe na mahali, waliokuwepo na kwa kiti kipi, akidi, maslahi yaliyotangazwa, maazimio kwa maneno kamili, nani anatekeleza na lini, saini ya mwenyekiti. Hotuba hazihitajiki. Pale wote wanapokubaliana na wako mbali, azimio la maandishi lililosainiwa na wanahisa wote linatosha badala ya mkutano. Kinachobomoa kampuni kortini ni kumbukumbu za miaka mitatu zilizoandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja.

Kalenda

Mkutano mkuu wa kwanza ufanyike ndani ya miezi 18 tangu usajili. Baada ya hapo kila mwaka, na usipite muda wa miezi 15 kati ya mmoja na mwingine. Taarifa ya mwaka BRELA huwasilishwa ndani ya siku 28 baada ya tarehe yake, na hudaiwa hata kama kampuni haikufanya biashara. Kampuni iliyolala huzidi kujikusanyia faini. TRA, kwa mwaka wa Januari hadi Desemba: makadirio na awamu ya kwanza kufikia Machi 31, kisha Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31, na ritani ya mwisho kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata, ikiwa imethibitishwa na mhasibu mwenye cheti cha CPA aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania. Kodi za mshahara na za zuio ni ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.

Mpe mtu mmoja kazi hiyo, na bodi imuulize kila robo mwaka.

Mmoja anapoondoka, au kufa

Hisa haziuzwi kwa kupeana mkono. Kuna fomu ya uhamisho, ushuru wa stempu, TRA kupima kama muuzaji amepata faida ya mtaji, kibali cha bodi kwa kuwa kampuni binafsi huzuia uhamisho huru, kisha mabadiliko kwenye rejesta ya wanahisa na kwenye ORS. Fedha ikilipwa kabla ya hayo, mnunuzi ana risiti na hana hisa. Suluhisho ni kuiweka kwa wakili hadi rejesta ibadilike.

Mwenye Mashine akifa, kinachoingia kwenye mirathi ni hisa zake 3,000, siyo mashine. Mwanawe mkubwa hawi mkurugenzi kwa urithi. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayesimama kwa niaba ya hisa hizo, kupokea gawio na hatimaye kuzihamisha kwa warithi, au kuwauzia wanahisa waliobaki kwa bei iliyopatikana kwa njia iliyoandikwa katika hatua ya pili. Wenzake wakihitaji fedha ya kununua kwa mkupuo na hawana, bima ya maisha ambayo mlipwaji wake ni kampuni au wanahisa wenzake huziba pengo hilo, na ikatwe wakati wote watatu wangali wazima.